Swichi Mbili Zisiwake Pamoja

Inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ililetwa karakanani kwangu Ngarenaro, Arusha, kwa bajaji, imefunikwa kanga isilowe. Aliyeileta ni muuguzi wa zahanati moja upande wa Usa River, na alikuja nayo mwenyewe badala ya kumtuma mtu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imefanyaje?"

"Jana jioni taa zilififia mara moja tu, kama mtu anapopepesa macho. Ikapiga kishindo ndani, ikafuata harufu. Chanjo tumezihamishia kituo kingine kwenye maboksi ya barafu. Fundi, waliotuuzia waliijaribu mbele yetu na ilifanya kazi."

Nilipoifungua nilikuta mosfeti nne, yaani swichi za kielektroniki, zimepasuka vifua, njia ya shaba imebanduka kwenye bodi kama ganda la kitunguu, na masizi yametapakaa mpaka kwenye hitisinki, kile chuma cha kupoza. Kapasita kubwa zilikuwa nzima. Rilei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, ya kubadilisha kati ya umeme wa gridi na wa betri ilikuwa nzima pia, ila kontakti zake, vile vipande vinavyogusana, zilikuwa na doa jeusi.

Walioiunda hawakuwa wazembe. Nililiona daftari lao la majaribio: walikata umeme na kuurudisha mara 40, wakaandika matokeo kwa kalamu ya bluu, na mara zote 40 mashine ilihama kwenda kwenye betri na kurudi bila tatizo. Ninaliamini daftari lile. Ndiyo sababu ninaandika makala hii, kwa kuwa mashine iliyofaulu mara 40 iliungua kwa tukio la kawaida kabisa katika mkoa wetu, nalo ni umeme kushuka kwa kitambo kifupi na kurudi.

Kwa asiyejua ndani ya inveta kuna nini, nieleze kidogo. Gridi ikiwepo, rilei imefunga na umeme unapita moja kwa moja kwenda kwenye friji na taa, huku daraja la mosfeti, yaani zile swichi zinazougeuza umeme wa betri, likiwa limezimwa. Gridi ikipotea, maikrokontrola, kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu, inaiamuru rilei iachie, inasubiri kidogo, kisha inaliwasha daraja ili betri ichukue kazi. Katika inveta hii, kule "kusubiri kidogo" kulikuwa milisekunde 5. Rilei ile kwenye karatasi ya mtengenezaji huachia kwa milisekunde 4 hivi. Kwa hesabu ya haraka, 5 ni kubwa kuliko 4, kazi imekwisha.

Sasa fikiria walivyojaribu. Walizima brekara ukutani. Brekara ikizimwa hakuna mkondo unaopita kwenye rilei, kwa hiyo kontakti zinaachana kimya na safi. Lakini zahanati haikuzimiwa brekara. Pengine tawi liligusa waya mahali fulani kwenye laini, volti zikashuka ghafla bila kuisha, na mkondo ukaendelea kupita. Kontakti zikiachana mkondo ukiwa unapita, cheche huruka katikati, na cheche ile inapitisha umeme kama waya. Katika umeme wa hezi 50, mkondo hupita sifuri kila baada ya milisekunde 10, na kwa kawaida hapo ndipo cheche inapokatika. Kwa hiyo kuachia kwa kweli kunaweza kuchukua milisekunde 4 na nyingine 10 juu yake. Programu ilisubiri 5. Daraja likawaka wakati bado limeshikana na gridi. Umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325 hivi, na mawimbi mawili yakikutana moja liko kileleni na jingine liko shimoni, tofauti kati yao hufika volti 650. Kinga ya mkondo ilikuwa ndani ya programu, na programu ilikuwa ikikagua mara moja kila milisekunde. Mosfeti haisubiri milisekunde nzima.

Tazama jaribio lile lilivyokosa shabaha. Kwa kuzima brekara, waliliondoa lile lile lililokuja kuiua mashine. Wangerudia mara 4,000 kwa njia ile wangepata alama 4,000 za vema.

Mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uholanzi, Edsger Dijkstra, alisisitiza zaidi ya miaka 50 iliyopita kwamba jaribio linaweza kuonyesha kosa lipo, ila haliwezi kuonyesha kwamba halipo. Alikuwa anazungumzia programu. Elektroniki za nguvu zina hali ngumu zaidi, kwa sababu swichi zinazobadilika mara 20,000 kwa sekunde hupitia mizunguko milioni 72 kwa saa moja, na kosa linalotokea mara moja katika miezi mitatu halina sababu ya kuchagua kujitokeza mbele ya fundi siku ya majaribio.

Kuna njia nyingine, na ninaisema kwa moyo wote kwa wenzangu wa Arusha na Moshi wanaounda inveta, chaja za sola na vidhibiti vya pikipiki za umeme: kabla ya kulehemu, andika kwa lugha ya mantiki jambo ambalo mashine haitakiwi kulifanya kamwe, kisha iache kompyuta itafute kila njia ya kukukanusha.

Kwa inveta ya zahanati sharti ni sentensi moja: *kila wakati, ikiwa daraja limewashwa, basi kontakti haipitishi umeme.* Maneno mazito pale ni "kila wakati". Yana maana ya mara zote, katika kila mfuatano wa matukio unaowezekana, si mara 40. Mantiki ya namna hii, yenye "kila wakati" na "hatimaye" ndani yake, iliingizwa kwenye uhakiki wa programu na Amir Pnueli mwaka 1977. Miaka michache baadaye Edmund Clarke na Allen Emerson kule Marekani, na Joseph Sifakis pamoja na mwenzake Ufaransa, walionyesha namna kompyuta inavyoweza kukagua masharti hayo yenyewe, hali baada ya hali. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2007.

Ukitaka kuelewa mkaguzi huyo anafanya nini, nenda kijiweni kwenye drafti. Mchezaji mzuri haangalii tu hatua anayotaka kucheza. Anauliza, nikiweka hapa, yeye akiweka pale, halafu akala huku, nitabaki wapi? Huenda mbele hatua nne, tano. Programu ya kukagua hufanya vivyo hivyo, ila haiachi njia hata moja na haichoki. Upande mmoja ni kidhibiti chako, upande wa pili ni dunia, yaani gridi, joto, mtumiaji anayechomoa plagi. Dunia inaruhusiwa kucheza vibaya kadiri inavyoweza. Ikipata njia ya kukushinda, mkaguzi anakurudishia njia hiyo hatua kwa hatua.

Niliketi na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa kwangu, tukaichora inveta ile ndani ya UPPAAL, programu iliyotokana na vyuo vikuu vya Uppsala cha Sweden na Aalborg cha Denmark, inayofaa kwa mashine ambazo muda ni sehemu ya tabia yake. Kontakti tuliipa hali nne: imefunga, inaachia, iko wazi, inafunga. Tukasema hali ya "inaachia" inaweza kudumu kuanzia milisekunde 3 hadi 14, na tukiwa humo tuihesabu kuwa bado inapitisha umeme. Tukabonyeza. Jibu halikuchukua hata muda wa kumimina chai:

Milisekunde 0, volti zinashuka. Ya 6, programu inatambua na kuiamuru rilei iachie. Ya 10, vipande vya kontakti vinaachana, cheche inabaki. Ya 11, daraja linawashwa. Kontakti bado inapitisha. Sharti limevunjwa.

Yule kijana alikaa kimya, akaitazama bodi iliyoungua juu ya meza, akarudi kuitazama skrini. Mistari ile ilikuwa inasimulia kifo cha mashine iliyokuwa mbele yetu, na hatukuwa tumechoma hata fyuzi moja.

Ukiona hivyo unashawishika kubadilisha 5 kuwa 20 na kwenda nyumbani. Tulibadilisha, na kweli mkaguzi alikubali. Lakini nikamwambia kijana aongeze hali ya tano: kontakti imeganda. Rilei zikirusha cheche kwa miezi, vipande vyake huweza kuyeyuka na kushikana. Mara hiyo jibu la kushindwa lilikuwa fupi kuliko la kwanza, kwa sababu ukisubiri kontakti iliyoganda ifunguke hutasubiri milisekunde 20, utasubiri milele. Hapo ndipo kosa la msingi lilipojitokeza, nalo halikuwa namba 5. Programu ilikuwa inachukulia kwamba kuamuru ni sawa na kutendeka. Iliamuru rilei iachie, basi ikaamini imeachia. Dawa yake ni kuisoma kontakti yenyewe kwa kipimo, daraja lisiwashwe mpaka kipimo kiseme iko wazi, na kisiposema ndani ya muda uliowekwa, kengele ilie na mashine ibaki imezimwa. Inveta nyingi za sola zinazounganishwa na gridi huwekewa rilei mbili zilizofuatana kwa hofu hii hii ya moja kuganda, na hofu yenyewe si ya kulinda mosfeti tu. Inveta iliyoshikana na laini iliyokatwa hupeleka umeme kwenye waya ambao mtu yuko juu ya nguzo anaushika akijua umezimwa.

Kuna mtego mmoja ambao huwashika wengi wanaoanza. Inveta isiyowaka kabisa inalitimiza sharti letu la kwanza kikamilifu. Daraja halijawahi kuwashwa, basi halijawahi kukutana na gridi. Kwa hiyo lazima sharti la kukataza liende na sharti la kutaka: *kila gridi ikipotea na kontakti ikiwa nzima, hatimaye friji ipate umeme, tena ndani ya milisekunde 40.* Masharti haya mawili yanavutana, na kazi yote ya ubunifu imo katika mvutano huo. Ukimwona fundi anajivunia usalama wa mashine yake bila kutaja upande wa pili, muulize.

Mfano mwingine mdogo, wa karatasi na kalamu tu. Inveta ya fezi tatu ina miguu mitatu, kila mguu una swichi ya juu na ya chini, jumla swichi 6. Kila moja ni wazi au imefunga, kwa hiyo kuna hali 64. Swichi mbili za mguu mmoja zikifunga pamoja, umeme wa betri unapita moja kwa moja kutoka chanya kwenda hasi na hiyo ni shoti. Mguu mmoja una hali nne, tatu salama na moja ya kuua. Tatu kwa tatu kwa tatu ni 27. Maana yake kati ya hali 64 ambazo programu inaweza kuziandika kwenye pini zake, 37 ni shoti. Zaidi ya nusu! Na muda wa kusahihisha haupo: IGBT (swichi za kielektroniki za nguvu kubwa) nyingi zilizoundwa kuvumilia shoti huandikiwa mikrosekunde 10 hivi. Mtu anayeacha ulinzi wa hali hizo 37 mikononi mwa mistari ya programu ambayo hakuna aliyeithibitisha anaweka rehani mtaji wa mteja.

Ndoa ya mantiki na swichi wala si jambo geni. Claude Shannon aliionyesha katika tasnifu yake ya uzamili kule MIT mwaka 1937, kwamba rilei na swichi hufuata aljebra ya George Boole, ile hesabu ya kweli na si kweli. Vijana wanaokuja kwangu wameijua, wanajaza jedwali la kweli na si kweli bila kusitasita. Kinachonisikitisha ni kwamba wakivuka kutoka geti za dijitali kwenda kwenye inveta, mantiki wanaiacha mlangoni, kana kwamba swichi ya ampea 100 inafikiri tofauti na ya miliampea. Upande wa chipu, watu walijifunza kwa maumivu. Mwaka 1994 kichakataji cha Pentium kilipatikana na kosa la kugawanya namba, Intel ikatenga dola milioni 475 kulibeba, na uhakiki wa kimantiki ukachukuliwa kwa uzito zaidi katika tasnia hiyo. Sisi hatuna dola milioni 475. Karakana ya hapa ikiunguza bodi tatu mfululizo imekula faida ya mwezi, na mteja aliyeunguliwa haendi kununua ya pili. Kwa hiyo nakataa kabisa hoja ninayoisikia, kwamba mambo haya ni ya makampuni makubwa ya Ulaya yenye maabara. Mwenye maabara anaweza kumudu kuchoma bodi 50 akijifunza. Asiyeweza kumudu ndiye anayehitaji uthibitisho kabla ya kuwasha. Z3, programu ya kukagua masharti ya kimantiki, ni bure. CBMC, inayokagua programu ya lugha ya C moja kwa moja, ni bure. UPPAAL ni bure kwa masomo. Laptopu ya kawaida inatosha kwa mashine za ukubwa huu.

Hoja nzito zaidi niliisikia kwa rafiki yangu mwenye karakana Moshi, na ninaiheshimu. Aliniambia: "Kaka, wewe umethibitisha mchoro. Mimi nauza chuma. Mosfeti niliyonunua inaweza kuwa feki, kapasita ikakauka kwa joto, mende akaingia kwenye bodi. Mantiki yako itamwona mende?"

Haitamwona. Kinachothibitishwa ni kielelezo, na kielelezo kikikosea dunia, uthibitisho wake hauna thamani. Tena upo ugumu ambao hauondoki kwa kompyuta kubwa zaidi. Inveta ina nusu ya hesabu za kuruka, swichi imewaka au haijawaka, na nusu ya mambo yanayotiririka, kama mkondo ndani ya koili unaopanda na kushuka bila kukatika. Watafiti walishathibitisha katika miaka ya 1990 kwamba, kwa ujumla, hakuna programu inayoweza kujibu kila swali kuhusu mashine za mchanganyiko huo. Kinachofanyika ni kuujengea mkondo uzio: tunaonyesha kwamba, hata kapasita ikipungua asilimia 20 na koili ikizidi asilimia 20, hata betri ya volti 48 ikiwa imeshuka hadi 42 au imepandishwa hadi 58, mkondo hautavuka ukuta huu. Uzio ukiwa mpana mno, mkaguzi analalamikia hatari isiyokuwepo. Ukiwa mwembamba, umejidanganya.

Lakini nilimjibu rafiki yangu kwa kumrudisha kwenye yale maneno "milisekunde 3 hadi 14". Kabla ya siku ile hakuna mtu katika mnyororo mzima, aliyebuni, aliyeunda, aliyeuza, aliyekuwa ameandika popote kwamba inveta ile inategemea rilei iachie chini ya milisekunde 5. Ilikuwa imani iliyojificha ndani ya namba moja kwenye programu. Mantiki ilitulazimisha kuitoa nje na kuiandika. Ikishaandikwa, fundi wa Moshi anaweza kuchukua rilei kumi kutoka kwenye boksi alilonunua, akazipima kwa osiloskopu zikikata mkondo wa kweli, akazikataa zinazozidi. Hapo jaribio linapata kazi yake halisi, yaani kupima zile dhana ambazo uthibitisho umesimama juu yake. Daftari la kalamu ya bluu lina nafasi, ila lilikuwa linauliza swali ambalo halikuwa na hatari ndani yake.

Ninachoomba kwa wanunuzi, hasa zahanati, shule na SACCOS zinazonunua inveta kwa fedha za watu, ni karatasi moja tu. Mwambie muuzaji aandike mashine yake haitafanya nini kamwe, itafanya nini lazima na ndani ya muda gani, na ametegemea nini kusema hivyo. Kwa Kiswahili. Muuguzi yule wa Usa River anaweza kuisoma karatasi ya namna hiyo na kuuliza swali la maana, pengine la maana kuliko langu, kwa sababu yeye anajua friji ya chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na anajua umeme wa kwao unavyoshuka kila mvua ikianza. Na kwa vyuo vya ufundi hapa kwetu, mradi wa mwisho wa mwanafunzi wa umeme uje na masharti yake yaliyothibitishwa, hata yakiwa mawili, kabla hajaruhusiwa kuungana na volti 230.

Inveta ya zahanati ilirudi ikiwa na mosfeti mpya, rilei mbili, na saketi ndogo ya kusoma kontakti iliyolehemiwa na kijana yule. Ndani ya kifuniko tumebandika karatasi yenye masharti manne. Matatu yana tiki. La nne linahusu gridi inaporudi: daraja lisiikabidhi gridi mzigo kabla mawimbi mawili hayajalingana, hata kama hezi za gridi zinayumba. Hilo mkaguzi aliishiwa kumbukumbu Jumamosi usiku kabla ya kutoa jibu, kwa hiyo tumeiwekea mashine isirudi gridini mpaka mtu abonyeze kitufe, na muuguzi ameonyeshwa kitufe kilipo. Kijana anakigawa kielelezo vipande viwili wiki hii.